Siku Sureshi Alipopelekwa Ziwani

Gajpal Singh Negi alizungusha wageni hapa Ukhimath, milimani Himalaya, kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona amekosa la kusema. Stendi ya magari iko mbele ya kibanda changu cha chai, kwa hiyo nilimsikia kila asubuhi. Alifuta kioo cha jipu lake jeupe huku akiwapanga mahujaji kama mtu apangaye vyombo kabatini: bibi mnene mbele, wazee katikati, vijana nyuma na mabegi yao. Gari halijatoka, yeye tayari kaanza.

"Mabibi na mabwana, hekalu mnaloliona hapo, mungu wetu hukaa humo miezi sita ya baridi, kule kwake juu kukifunikwa na theluji. Hata mungu ana akili ya kuhama. Wajinga ni sisi tunaobaki."

Wageni walicheka. Walicheka kila siku, mahali palepale.

Aliwapeleka Kalimath kando ya mto, aliwapeleka Chopta kwenye malisho, na zaidi ya kote aliwapeleka Sari, kijiji ambako unaacha gari na kupanda kwa miguu hadi ziwa la Deoria. Ukifika pale asubuhi na hewa ni safi, unaiona milima ya theluji yote juu, halafu unaiona tena ndani ya maji, imepinduka. Gajpal alikuwa akisema kwamba amewahi kumwona jaji akilia pale, na mfanyabiashara mmoja wa almasi akavua viatu bila kuambiwa.

Mkewe aliitwa Sureshi. Yeye hakuwahi kufika.

Sisemi fumbo. Ukisimama uani kwa Sureshi ukatazama jua linakotoka, unauona mgongo wa mlima ambao nyuma yake ndiko ziwa liliko. Alianika nguo akiutazama, akapeta dengu akiutazama, akamlea mwanawe Bindu akiutazama. Aliletwa hapa kuolewa akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka kijiji kilicho chini ya Kalimath. Tangu siku hiyo safari zake zilikuwa msituni kukata nyasi, shambani, hekaluni siku za sikukuu, kwao mara moja kwa mwaka, na mjini Rudraprayag mara mbili tu: mara ya kwanza kwenda kujifungua, mara ya pili kung'oa jino.

"Nitakupeleka msimu ukiisha," Gajpal alimwambia kila mwaka.

Msimu ukiisha, jipu liko kwa fundi. Likitoka kwa fundi, theluji imeziba njia. Theluji ikiyeyuka, mahujaji hao wamerudi. Sitaki mumdhanie vibaya. Hakuwa mlevi, wala hakuwahi kumwinulia mkono mkewe. Alidhani tu kwamba mke, kama mlima, hahami.

Mimi na Sureshi tulikata nyasi pamoja miaka ishirini na tatu. Mume wangu alifariki mapema, kwa hiyo asubuhi nilikata nyasi za ng'ombe kwanza, ndipo nikafungua kibanda. Sureshi alikuwa mfupi, mwepesi kama mbuzi kwenye miamba, na alikuwa na ulimi. Huko mteremkoni, mundu mkononi, alimwigiza mumewe mpaka tukaketi chini kwa kucheka.

"Mabibi na mabwana!" Alikohoa kwanza, kama Gajpal anavyokohoa. "Upande wa kushoto mnaona milima. Upande wa kulia mnaona milima. Mkitazama katikati mnaniona mimi, kivutio kikubwa kuliko vyote. Chai mtanunua kwa Darshani, ni mbaya lakini ya moto."

"Mbaya chai yangu?"

"Mbaya, dada. Ila ya moto."

Alijua kila neno la Gajpal kwa sababu alimsikia akilifanyia mazoezi jikoni, enzi zile anaanza kazi. Zaidi ya hapo, hadithi tamu kuliko zote zilikuwa za Sureshi mwenyewe. Ile ya ziwa aliipata kwa bibi yake mzaa mama. Gajpal aliichukua, akaipaka sukari, akaweka miungu mahali palipokuwa na watu, akawapa wageni. Sureshi hakukasirika. Alisema tu, "Kaiharibu, lakini angalau inatembea."

Sasa nafika mahali ambapo kuna kosa langu.

Ilikuwa mwezi wa tatu, maua mekundu yamejaa msituni. Tulikuwa peke yetu mteremkoni. Sureshi aliuweka mundu chini, akasema, "Darshani, njoo uguse hapa."

Aliushika mkono wangu akauingiza ndani ya blauzi, upande wa kushoto. Nikagusa. Kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama mbegu ya parachichi, na hakikusogea.

"Watu huota mawe figoni," akasema. "Langu limepotea njia." Akacheka. Alicheka kwa kweli, na mimi nikacheka naye, mungu anisamehe.

"Tangu lini?"

"Tangu sikukuu ya Diwali, kabla ya baridi. Lilikuwa kama punje."

"Sureshi! Mwambie Baba Bindu leo."

"Nimwambie nini? Nimsimamishe mbele ya mahujaji nimwambie, mume wangu, nishike titi? Na Bindu anaolewa mwezi wa tano. Wakwe wakisikia mama ana ugonjwa wa hapa, watasema damu ya nyumba hii ni mbaya. Watamrudisha mtoto wangu kabla hajaenda."

"Basi twende mimi na wewe. Tushuke hospitali ya Srinagar kwa basi la asubuhi, turudi jioni."

"Na wote stendi watatuona tunapanda. Hapana. Arusi kwanza." Akanikazia macho. "Niapie."

"Siapi."

"Niapie, Darshani. Kwa kichwa cha mwanao."

Nikaapa.

Arusi ilifanyika. Ilikuwa arusi nzuri. Gajpal alilipamba jipu kwa maua ya manjano, akaongea mpaka makuhani wa hekalu wakamwomba anyamaze wapate kusoma. Bindu akaenda Dehradun kwa mumewe. Siku ya tatu nikamfuata Sureshi kisimani.

"Arusi imekwisha. Mwambie."

"Msimu umekolea. Anatoka alfajiri, anarudi hata chapati anaila amefumba macho. Acha wageni wapungue."

Walipopungua ilikuwa mvua, na mvua zikaangusha mlima juu ya barabara mahali pawili. "Hata nikimwambia, tutapita wapi?" akasema. Kila nilipouliza alikuwa na jibu, na majibu yake yalinifaa. Hilo ndilo ninaloweza kulisema sasa: yalinifaa. Niliogopa kile kiapo, niliogopa hasira ya Gajpal, niliogopa kuwa mtu wa kuleta habari ile. Ni rahisi kuitunza siri ya mtu anayecheka.

Mwezi wa tisa, mkono wake wa kushoto ulivimba. Alianza kukata nyasi kwa mkono mmoja, akizikanyaga kwa mguu ili azikamate. Asubuhi moja mundu ulimponyoka ukabiringika bondeni. Hakuukimbilia. Alikaa pale kwenye umande akiutazama ulikopotelea, na nilipomkaribia nikasikia harufu. Aliona kwamba nimeisikia. Tukatazamana, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchekesha.

Nilimwacha pale pale. Niliteremka mbio hadi stendi, nyasi bado kichwani kwangu. Gajpal alikuwa ameshapakia familia moja ya kutoka Indore, injini inanguruma.

"Shemeji, washushe wageni."

"Ee! Leo chai imekulevya?"

"Washushe."

"Shemeji Darshani, hawa wanakwenda Chopta, wanataka kuwahi kabla ya ukungu. Tutaongea jioni, ukitaka kunitukana nitukane jioni."

Nikatupa nyasi chini, nikaingiza kichwa dirishani nikamwambia sikioni. Nilimwambia yote, na tangu lini.

Alizima injini. Akageuka nyuma, na yule mtu aliyekuwa na neno kwa kila kona ya mlima akasema, "Shukeni," kisha akarudia, taratibu, kama anajifunza lugha, "Shukeni, tafadhali."

Yeye na Sureshi walishuka Srinagar siku hiyohiyo. Kutoka hapo wakaelekezwa Dehradun, wakafikia kwa Bindu. Madaktari walikuwa watu waungwana, walisema kweli bila kuzungukazunguka: ugonjwa umeshaingia mbavuni na kwenye mapafu. Wangeweza kumpa dawa za kumpa miezi. Sureshi alizipokea mara tatu. Nywele zikamtoka, akatapika mpaka nyongo, na baada ya mara ya tatu akamwambia Gajpal, "Nirudishe. Dehradun hakuna mahali pa kuangalia. Ukuta wa jirani tu."

Jambo moja Gajpal aliniambia siku waliporudi, kabla hajaacha kuongea na mimi. Katika msimu ule mmoja, alisema, alishusha mahujaji Rishikesh mara kumi na moja, na kila aliporudi na gari tupu alisimama Srinagar kunywa chai. Kibanda anachokipenda kiko mbele ya lango la hospitali, kwa sababu pana kivuli.

"Mara kumi na moja, shemeji," akasema. "Nilikaa pale nikahesabu wagonjwa wanaoingia, kupoteza muda."

Walirudi mwishoni mwa mwezi wa kumi. Ndio wakati mzuri kuliko wote huku kwetu: mvua zimeosha anga, wageni wachache, milima iko karibu mpaka unadhani utaigusa. Sureshi alikaa uani amejifunga skafu, mwembamba kama ufito, anatazama ule mgongo wa mlima. Siku ya nne nilikuwa namkanda miguu, Gajpal akaja na uji wa ulezi.

"Baba Bindu," Sureshi akasema, "msimu umekwisha?"

Gajpal aliliweka bakuli chini.

"Nauliza tu. Kama umekwisha, kesho nipeleke ziwani. Ila unipeleke kama mgeni. Nikae mbele. Useme maneno yote, usiruke hata moja. Nikiona umeruka nitadai haki yangu."

"Mama Bindu, kule ni kupanda. Huwezi."

"Bibi wa kilo mia kutoka Gujarat umempandisha. Mimi sasa sina hata arobaini."

Bindu alikataa kwenye simu, akilia. Daktari, tulipompigia, alisema mpelekeni anakotaka. Basi asubuhi iliyofuata tukaondoka watatu. Mimi nilikaa nyuma na mablanketi na chupa ya chai, na yeye mbele, amevaa sari aliyoivaa arusini kwa Bindu na koti la Gajpal juu yake.

Gajpal aliketi kwenye usukani. Alikohoa. Kisha akaanza, na nakuapia hakuruka neno. Mungu na akili yake ya kuhama. Mto na rangi yake. Ile kona ambapo, anavyosema, chui alipanda gari la posta. Sureshi alikuwa anageuza kichwa kila alipoambiwa, kushoto, kulia, kama mtoto mtiifu, na mahali pa kucheka alicheka, ingawa kicheko kilimkatia pumzi na ilibidi tusimame mara mbili. Mimi nilitazama nje. Nilifikiri, mungu wangu, wako na furaha. Baada ya yote haya wamepata siku moja ya furaha.

Kijijini Sari tulimkuta mwenye nyumbu wa kubebea watu, Kunwar Lal, mtu wa maneno machache na msokoto mrefu wa tumbaku mdomoni. Alimwangalia Sureshi, akautupa ule msokoto, akamnyanyua yeye mwenyewe akamkalisha mgongoni mwa nyumbu, juu ya blanketi tatu.

"Mama, huyu nyumbu anaitwa Rani. Ana adabu kuliko mwanamke yeyote kijijini hapa."

"Basi hajaolewa," Sureshi akamjibu.

Tulipanda polepole, Kunwar Lal mbele, Gajpal pembeni amemshika kiuno mkewe, mimi nyuma. Njia inapita kwenye mialoni, halafu kwenye ngazi za mawe, halafu ghafla msitu unakwisha na unaingia kwenye uwanda wa nyasi. Maji yapo pale. Hayakutikisika hata kidogo. Milima yote ilikuwa imesimama nyuma yake, nyeupe, hakuna hata kipande cha wingu, na yote ilikuwa ndani ya maji pia.

Kunwar Lal alimshusha Sureshi, tukamkalisha kwenye nyasi, tukamfunika. Gajpal alisimama nyuma yake. Hapa ndipo huwa anatoa hadithi ya ziwa. Nilimsubiri aanze. Alikohoa. Alikohoa tena. Nikageuka nikaona kidevu chake kinacheza, na hakuna neno linalotoka.

Kulikuwa na mume na mke kutoka Kolkata, watu wazima, wamekaa na kamera zao. Mume alimtambua Gajpal kwa filimbi yake ya uongozaji, akauliza kwa upole, "Bwana kiongozi, tumesikia ziwa hili lina hadithi. Unaweza kutusimulia?"

Gajpal aliishika filimbi yake.

"Leo kiongozi ni mimi," Sureshi akasema.

Akasimulia. Sauti ilikuwa ndogo, wale wageni wakasogea wakakaa chini karibu naye. Alisema zamani ziwa halikuwa hapa, lilikuwa kwenye mlima mwingine, karibu na kijiji. Palikuwa na bi arusi ambaye mama mkwe alimnyima kila kitu, hata kwenda kwao mama yake alipofariki. Bi arusi akaenda ziwani kuosha masufuria, akalia ndani ya maji. Ziwa likaonja chumvi. Likasema, mimi ni maji matamu, sijazoea haya, nani amekuonea? Bi arusi akasema, hakuna aliyenionea, nimesahauliwa tu. Basi ziwa likaona aibu kukaa karibu na watu wa namna ile. Likajikunja kama mkeka, na samaki wake wote, likahamia huku juu ambako mtu hafiki ila amekusudia.

"Mume wangu huweka miungu ndani yake," akasema mwisho. "Hakuna miungu. Bibi yangu alisema ni masufuria tu."

Yule mama wa Kolkata alimshika mkono, akamwambia, "Dada, una bahati, unaishi karibu na mahali kama hapa."

Sureshi alitabasamu. Waliaga, wakaenda upande wa pili wa ziwa kupiga picha. Na walipokuwa mbali tabasamu likamtoka usoni.

"Baba Bindu."

"Nipo."

"Tumetumia muda gani kutoka nyumbani?"

"Saa mbili. Mbili na nusu, kwa sababu ya kusimama."

"Saa mbili." Alitazama maji. "Kwa nini hukuniambia ni pazuri hivi?"

"Nilikuambia. Kila siku nilikuambia, Mama Bindu. Wewe mwenyewe unajua maneno yote."

"Uliwaambia wao. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza."

Gajpal alipiga magoti kwenye nyasi. Alitaka kumshika, Sureshi akamsukuma kwa ule mkono mzima. Sikuwahi kumwona Sureshi amekasirika, si kwa mama mkwe wake, si kwa mtu yeyote, na hasira ile ilikuwa imekaa muda mrefu hata haikujua itokeje.

"Miaka ishirini na saba nimeanika nguo nikiutazama ule mlima. Nilidhani unasifu tu, kazi yako ni kusifu. Nilijiambia, ni maji, maji hata kisimani yapo. Nikatulia. Nilikuwa nimetulia, Gajpal!" Aliita jina lake. Mwanamke wa kwetu haiti jina la mumewe. Mimi nililisikia mdomoni mwake siku hiyo tu. "Bora nisingekuja. Nirudishe nyumbani."

"Tukae kidogo. Umetoka mbali."

"Nimetoka hapo tu. Nirudishe."

Akageuka, akalipa ziwa mgongo. Hakuliangalia tena, hata tulipompandisha juu ya Rani, hata mwanzoni mwa msitu ambapo kila mtu hugeuka kuangalia mara ya mwisho. Kunwar Lal alitushusha hadi kwenye gari. Kwenye gari alilala, au alifumba macho. Gajpal aliendesha, na ile kona ya chui wa gari la posta aliipita kama kona yoyote.

Kesho yake alitaka kumpeleka Chopta. Akasema atampeleka Kalimath, atampeleka kwao, atampeleka popote barabara inapofika.

"Nimeona," Sureshi akamwambia, na hapo sauti ilikuwa ya upole, hasira imekwisha au amechoka nayo. "Yatosha, Baba Bindu. Wewe nikune mgongo."

Mungu wa hekalu aliposhushwa kutoka juu kwa machela kuja kukaa baridi yake, na ngoma zikapita barabarani, na sisi wote tukamiminika hekaluni, wao walibaki nyumbani. Alifariki mwezi wa kwanza, mchana, theluji laini inaanguka. Bindu alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Gajpal alikuwa amekwenda ghalani kuleta kuni, aliporudi alisimama mlangoni na mzigo wake wa kuni kifuani na hakujua pa kuuweka.

Siku ya kumi na tatu, ibada za msiba zilipokwisha na wageni wakaondoka, alinikuta naosha masufuria uani kwake.

"Ulijua tangu mwezi wa tatu," akasema.

"Aliniapisha, shemeji."

"Ulijua. Nilikunywa chai kwako kila asubuhi. Kila asubuhi ulinipa chai na ulijua."

Nilimaliza kuosha, nikaondoka.

Hakunywa tena chai kwangu. Alihamisha jipu lake upande wa pili wa stendi, karibu na duka la dawa. Tulipokutana njiani aliangalia mawe. Watu walijaribu kutupatanisha, hata kuhani mmoja alijaribu, ikashindikana. Na kazi aliendelea nayo, kwa sababu angefanya nini kingine? Lakini madereva wenzake walinieleza kwamba Gajpal sasa anaendesha tu. Wageni wakiuliza kitu anajibu wanachouliza. Akifika Sari anawakabidhi kwa Kunwar Lal, anasema magoti yake yana baridi yabisi, anabaki garini.

Mimi nami nilifanya nilichoweza. Mwaka ule ule, tena kwa sauti, mbele ya stendi nzima, nilimpandisha mke wa mwanangu kwenye basi la Srinagar, nikapanda na mimi, tukaenda kupimwa sote wawili. Mtu alipouliza tunakwenda wapi nilimwambia, "Kupimwa matiti." Wanaume wakaangalia miguu yao. Wiki iliyofuata wanawake wawili wakaja kibandani kuniuliza, kwa kunong'ona, pale mtu anaanzia dirisha gani. Sasa wamefika kumi na wanne. Mmoja alikutwa na uvimbe, mdogo bado, wakautoa, yuko hai, ana kelele nyingi. Nikimwona nafurahi, halafu nikifika nyumbani naumwa kichwa.

Miaka miwili na miezi ikapita hivyo. Halafu asubuhi moja mwezi huu wa nne, kabla stendi haijachangamka, nilisikia mtu amesimama mbele ya kibanda. Nilikuwa nimeinama nawasha moto. Nilijua ni yeye kwa viatu. Amezeeka, Gajpal, masharubu yote meupe.

"Bindu amejifungua," akasema. "Wa kike. Wako salama wote."

"Ashukuriwe mungu," nikasema, bado nimeinama. Niliogopa nikisimama ataondoka.

"Nakwenda Dehradun siku tano. Ng'ombe hana wa kumkamua."

"Nitamkamua."

"Ni mkali asubuhi. Umsemeshe kwanza."

"Namjua, shemeji. Ameshanipiga teke mara nyingi."

Nilimimina chai kwenye glasi nikaiweka ukingoni mwa meza, sikumwambia anywe. Aliiangalia. Akasema basi la Rishikesh, njia ya Dehradun, linakaribia kutoka, akaniwekea ufunguo wa zizi pembeni ya ile glasi, akaenda. Alikwenda kwa basi, kama abiria, akakaa dirishani.

Jioni nilikwenda nikamkamua yule ng'ombe. Alitulia. Maziwa yalikuwa mengi, ndama wake ni mdogo bado. Nilifunga zizi, nikapita uani kwa Sureshi, kamba ya nguo bado imefungwa pale, mashati mawili ya mwanamume juu yake, yamekauka kitambo. Nikayaanua, nikayakunja, nikayaweka kibarazani.